Usimmalizie malipo huyo muuzaji wa mfumo wa duka kabla hujaifungua data yako kwenye kompyuta nyingine

Ndugu wa Langoni, simama hapo ulipo. Hizo pesa usizitume.

Umeuliza mambo manne kuhusu duka lako jipya la jumla na rejareja hapo Lamu mjini: printa ya risiti ya karatasi yenye upana wa milimita 58 au ya 80, habari ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi), kuunganisha namba ya Lipa na M-Pesa na mfumo wa mauzo, yaani programu ya kompyuta inayoandika mauzo, stoo na madeni, na mizani. Lakini katikati ya swali umetia maneno ambayo wote waliokujibu wameyaruka. Umesema muuzaji wa mfumo anataka umalize malipo yote Ijumaa ndipo akupe punguzo, na kwamba amekwambia madaftari ya madeni sasa uyatupe kwa sababu "bakapu inajifanya yenyewe kila usiku", yaani nakala ya akiba ya data. Maneno hayo niliambiwa mimi hapa Malindi, kwa mpangilio huo huo, nikayaamini, na duka letu likakaribia kufungwa.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tunauza vyakula kwa jumla. Wateja wetu ni vibanda vya mitaani, nyumba za wageni, kina mama wa mahamri na viazi karai, na wavuvi. Wewe ni mtu wa pwani, hii huhitaji kuelezwa. Kusi likianza kuvuma, vyombo vingi havitoki, wageni nao wamepungua, na kila mtu anachukua kwa deni. Unga, mchele, mafuta, sukari, "nitakulipa mambo yakifunguka". Ukikataa kukopesha, mteja anahamia duka la pili na harudi hata akiwa na pesa. Kwa hiyo mali ya duka kama letu haiko kwenye rafu peke yake. Sehemu kubwa iko majumbani mwa watu, na ushahidi wake ulikuwa daftari moja refu la jalada gumu, kila mteja na ukurasa wake.

Muuzaji alipotuwekea mfumo tukaingiza madeni yote kwenye kompyuta ya kaunta. Akatuonyesha kwa fahari: kila usiku mfumo unajinakili wenyewe kutoka C kwenda D, zile herufi ambazo kompyuta inazipa sehemu zake za kuhifadhia mafaili. Tukaona mafaili yamejipanga na tarehe zake, tukaridhika. Daftari likatupwa stoo, na vijana wa duka wakaanza kulichana kurasa za kufungia pilipili manga.

Kisha usiku mmoja stima ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, ikarudi kwa kishindo. Asubuhi kompyuta haikuwaka. Tukampigia muuzaji, akasema tusiwe na wasiwasi, bakapu iko D. Tukamwita fundi wa mtaani. Akailaza kompyuta juu ya gunia la sukari, akaifungua kwa bisibisi, akachomoa kidude kimoja cha bapa kisichozidi kiganja. Akaniambia, "Hii ndiyo C yako." Nikamuuliza D iko wapi. Akanionyesha kidude kile kile. Ilikuwa diski moja, imegawanywa kwa programu ikapewa herufi mbili. Alipoiunganisha na mashine yake ikawa inagonga, tik, tik, tik, na haisomeki.

Nikwambie wazi, ndugu yangu: aliyetuuzia alijua. Mtu anayefunga mifumo ya maduka kama kazi hawezi kutojua kwamba C na D zinaweza kuwa diski moja. Hakuona haja ya kututajia, maana pesa yake yote ilikuwa imeshaingia mfukoni. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwa sababu diski ya pili ya nje haikuwa na bei ya kutushinda, tungeinunua siku ile ile.

Tukakumbuka kaka aliwahi kunakili faili la mfumo kwenye flashi. Tukaitafuta kama dawa, tukaipata. Faili likadai paswadi. Tuliyopewa sisi ni ya kuuzia tu, ya data yenyewe alikuwa nayo kijana wao aliyetufungia, na huyo alishaacha kazi. Ofisi yao ikasema kwanza tulipie mkataba mpya wa huduma ndipo wazungumze nasi. Data yetu, wateja wetu, jasho letu, na tulipie ruhusa ya kuisoma! Tukalipa. Faili lilipofunguka likawa bovu, kwa sababu lilinakiliwa wakati duka linauza. Mfumo unapoandika mauzo, faili lake linabadilika kila sekunde. Ukilinakili hivi hivi kwa mkono unaweza kupata nusu ya zamani na nusu ya sasa, na hesabu hazikubaliani. Bakapu hutolewa na mfumo wenyewe, kwa kitufe chake, au mfumo uzimwe kwanza.

Kuna mtu humu ameandika kwamba siku hizi hakuna hofu, "KRA wana kila kitu kwenye eTIMS". Hapana. eTIMS inapokea ankara za mauzo. Nani amekulipa na nani bado, haijui. Na taarifa ya M-Pesa ya duka inakuonyesha waliolipa, wakati wewe unawatafuta wasiolipa. Tulijaribu kuoanisha hivyo viwili, tukaambulia vipande. Nakala za risiti tulikuwa tunazichoma kwenye msumari karibu na dirisha. Karatasi ile ya printa huandikwa kwa joto bila wino, na joto na mwanga ndivyo vinavyoifuta. Za juu zilikuwa nyeupe kabisa.

Basi tukazunguka kwa miguu kuwauliza watu wenyewe wanadaiwa ngapi. Mama mmoja wa mahamri alifungua kifundo cha leso, akatoa kikaratasi alichokuwa akichora alama kila anapochukua unga, akatuhesabia, na hesabu yake ikazidi ile niliyokuwa nayo kichwani. Mungu amzidishie. Lakini nyumba za wageni mbili tatu, zenye kiyoyozi na lango la kuchonga, zilitukazia macho: "Leteni risiti." Hatukuwa nayo. Pesa hizo hazikurudi.

Tangu hapo nimejifunza kazi hii, na sasa nawafungia wenye maduka Malindi na Watamu. Sharti langu ni moja, nalo ndilo nakupa: mpaka wewe mwenye duka, kwa mkono wako na paswadi yako, uirudishe data yako kwenye kompyuta nyingine na uisome, huo mfumo haujakabidhiwa na pesa ya mwisho hailipwi.

Inafanywa hivi. Duka likifungwa jioni, toa bakapu kwenye diski ya nje. Mwambie muuzaji akuwekee programu ile ile kwenye kompyuta isiyowahi kuwa na mfumo wako, hata ya kuazima, bila kuunganishwa na ile ya duka. Kisha yeye akae pembeni na mikono mifukoni. Wewe rudisha data. Fungua ripoti ya mauzo ya jana, uilinganishe na iliyochapishwa jana. Fungua mteja mmoja mwenye deni la vipande vipande, aliyelipa nusu, akarudisha katoni moja, akachukua tena, uone kama salio lake ni lile lile. Hesabu ya stoo nayo, chagua bidhaa chache uziangalie. Ukikwama mahali, mahali hapo ndipo ungekwama siku ya msiba, na muuzaji hayupo. Rudieni mpaka upite mwenyewe.

Usiniambie ni kazi bure. Duka moja Watamu lilikuwa na mfumo mzuri wa gharama, na ujumbe wa kijani kila asubuhi kwamba bakapu imekamilika. Tulipojaribu kuirudisha tukakuta mafaili ya kila usiku yana KB 0, yaani matupu. Flashi ilikuwa imejaa siku nyingi, na mfumo uliendelea kutoa ujumbe wake. Mwenye duka alikaa chini kwenye kreti ya soda. Lakini diski yake ilikuwa hai, kwa hiyo tulirekebisha siku ile ile na hakupoteza hata shilingi.

Kama wako ni wa klaudi, data ikikaa kwenye kompyuta za kampuni huko kwenye intaneti, mtihani haubadiliki. Akaunti iwe kwa barua pepe yako, si yake. Upakue wateja, madeni na stoki kwenye Excel, uyafungue intaneti ikiwa imezimwa. Na usichanganye kusawazisha (sync) na bakapu: keshia akifuta mteja hapa na kule juu pia akafutika, huna nakala, una kioo tu. Muulize wanahifadhi hali ya siku ngapi nyuma, na umwambie akurudishie ya juzi mbele yako.

Kwako Lamu jambo hili lina uzito kuliko kwetu. Fundi akitoka Mombasa kwa barabara lazima apite Malindi, Garsen, Witu, afike Mokowe, kisha apande boti. Anasema atakusaidia kwa mbali kupitia AnyDesk? AnyDesk inataka kompyuta inayowaka na intaneti. Kompyuta iliyokufa haiingiliki. Nunua UPS nzuri, ile betri inayoishikilia kompyuta stima ikikatika, na chumvi ya hewani usiidharau, usiiweke kompyuta dirishani upande wa bahari.

Printa chukua ya 80. Maandishi yanasomeka, na majina marefu ya bidhaa hayakatiki. Uhakikishe tu karatasi zake zinauzwa hapo kisiwani.

eTIMS usiikwepe, hasa kama utauzia hoteli. Tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi mtu anapokokotoa kodi yake, kwa hiyo wataidai kwako. Muuzaji akutolee ankara moja mbele yako mkaihakiki kwa KRA. Na mhakikishe bidhaa zenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% na zisizo nayo zimewekwa mahali pake, kwa maana zikikosewa siku ya kwanza kosa linajirudia kwenye kila risiti. Orodha hiyo nayo iwe ndani ya ile data utakayoirudisha kwenye kompyuta ya pili, usisahau kuiangalia.

Madaftari yako yaweke. Endeleeni kuandika madeni kwa kalamu sambamba na mfumo mpaka ufaulu ule mtihani, na hata ukifaulu, chapisha orodha ya madeni kila mwisho wa wiki kwa printa ya wino, karatasi ya kawaida, ipeleke nyumbani.

Mwandikie leo, usingoje Ijumaa: "Pesa ya mwisho nitalipa siku nitakayoirudisha data mwenyewe kwenye kompyuta nyingine, na paswadi zote za data ziwe mikononi mwangu kwa maandishi." Akikubali, mpokee kwa heshima, anajua kazi yake. Akianza kusema punguzo litaisha, liache liishe. Akijibu lolote ambalo hulielewi, lilete hapa hapa tulisome pamoja kabla hujatuma kitu.