Jibu: AC ya boti inawaka na kuzima kila mara

Kaka, umesema AC ya boti inawaka dakika chache, inazima, kisha inawaka tena. Kabla ya kumwita fundi wa gesi, chungulia tundu la ubavuni yanapotokea maji ya bahari. Yakichuruzika tu badala ya kumwagika kwa nguvu, tatizo ni maji: kondensa (sehemu ya AC inayopozwa na maji hayo) haipoi, presha ya gesi inapanda, swichi ya usalama inakata kompresa. Funga valvu ya chini inayoingiza maji ya bahari kwanza, tafadhali, ndipo ufungue chujio la maji hayo. Mwani hujaa humo. Pampu nayo hushika hewa, hasa ikiwekwa juu ya usawa wa maji nje ya boti. Maji yakitoka kwa nguvu, angalia kihisi cha joto: kikipigwa na hewa baridi ya mashine yenyewe, AC huzima chumba kikiwa bado moto.