Mpwa wangu, meli yangu haiendi Ulaya

Marahaba, mpwa wangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza mbona mjomba ana miaka tisa baharini na hamjaona hata picha moja ya mji wa Ulaya. Unauliza pia kama umpe yule wakala wa Dar dola 1,500 akuingize kwenye "meli za mafuta" kama yangu. Naanza na picha, maana ukilielewa hilo utajua la kufanya kwa wakala. Wenzako wa maskani hapo Ngamiani, Tanga, wasomee pia.

Picha hakuna kwa sababu siendi kokote. Meli yangu haichukui makontena ya kupeleka Rotterdam. Kazi yake ni kuhudumia rigi, yaani mitambo ya kuchimbia mafuta, na visima vilivyo katikati ya maji, huku Ghuba, upande wa Abu Dhabi. Tunapakia Musaffah, tunakwenda visimani, tunashusha, tunarudi kupakia. Bandarini tunakaa saa chache, na saa hizo zote niko sitahani nafunga mizigo. Kibali cha kushuka mjini hakipatikani kirahisi. Abu Dhabi naijua kwa taa zake, kama mvuvi aliye nje ya Toten anavyoziona taa za Tanga, ila yeye alfajiri anarudi kwake.

Rigi haijitoshelezi hata kidogo. Watu zaidi ya mia moja huweza kuishi juu ya chuma kile. Chakula chao, maji ya kuoga, dizeli ya mitambo, mabomba, saruji, na lile tope zito la kuchimbia linalokandamiza gesi isipande kwa nguvu kutoka chini: vyote hivyo hupita juu ya sitaha yetu au kwenye matangi yaliyo chini yake. Ndiyo maana meli hizi zina umbo lake. Nyumba yote ya mabaharia imesogezwa omo, yaani mbele, na kutoka hapo hadi tezi, nyuma kabisa, ni sitaha tupu, ya chini, karibu na maji, kama bodi la Fuso. Ya kwanza ya namna hii, Ebb Tide, iliundwa Marekani mwaka 1955 kwa ajili ya visima vya Ghuba ya Meksiko, na mpango ule wa sitaha tupu nyuma ndio tulio nao mpaka leo.

Sitaha ya chini inafaa kwa mzigo. Kwa mtu aliyesimama juu yake ni habari nyingine. Shamali ikivuma, bahari inapanda tezi bila hodi na inakufika magotini huku umeshika mnyororo wa kontena. Kuzunguka kila rigi kuna mita 500 ambazo hakuna chombo kinachoingia bila ruhusa. Tukishakubaliwa kwa redio, meli inasimama chini ya kreni pasipo nanga wala kamba. Kompyuta inasoma setilaiti na upepo, inaziamuru rafadha zisukume huku na huku tubaki palepale. Juu ya kichwa chako kuna tani kadhaa zinaning'inia, chini ya miguu yako sitaha inapanda na kushuka. Simu hairuhusiwi sitahani. Kumbuka hilo la simu, nitalirudia.

Kuhamisha rigi ndiyo kazi ngumu zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Ghuba hii haina kina kirefu, kwa wastani mita 35 hivi, kwa hiyo rigi zake nyingi husimama kwa miguu yake mirefu mitatu chini kabisa mchangani, kama korongo. Ikifika siku ya kuhama, miguu inapandishwa, rigi inaelea, nasi meli tatu tunaifunga waya na kuivuta taratibu, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mchana na usiku. Waya ule ni mnene kama mkono wako. Ukiwa na mzigo unatoa mlio, na serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitahani, mzee wa Kigujarati, huusikiliza mlio huo kuliko anavyomsikiliza nahodha. Mwaka wangu wa pili waya huo ulikatika. Haukunigusa, kwa kuwa dakika chache kabla mzee yule alinishika ukosi wa ovaroli akanitoa pale nilipokuwa nimesimama. Mfilipino tuliyekuwa naye zamu moja alivunjika mguu mahali pawili.

Usidhani ni meli mbovu tu zinazopata ajali. Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi ya visiwa vya Shetland, meli iitwayo Bourbon Dolphin ilikuwa ikitandaza nanga za rigi. Ilikuwa imeundwa mwaka uliotangulia tu. Mnyororo uliteleza ukahamia ubavuni, ukaivuta upande, ikapinduka. Walikuwa watu 15, wakafa wanane. Mabaharia wa kazi hii tunafundishwa habari hiyo, nami kila ninapoona mnyororo unakwenda upande naikumbuka.

Sasa fedha, maana najua mnapiga hesabu. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa dola 600 kwa mwezi. Mkataba ulikuwa wa miezi tisa, na miezi mitatu niliyokaa nyumbani sikulipwa kitu. Zigawe kwa miezi 12, zinabaki dola 450. Leo napata zaidi ya hapo, na nyumba ya Pongwe mmeiona, siikatai neema. Lakini imejengwa kwa miaka tisa, na kwa mambo ambayo hayarudi. Babu yako alipofariki tulikuwa ndani ya zile mita 500, simu yangu iko kabatini. Mama yako alipiga mara 14. Nilipozipata habari baba alikuwa ameshazikwa, na watu wameshatoka makaburini. Unakumbuka nilivyopiga usiku ule nikashindwa kusema. Ilikuwa hivyo.

Kuhusu wakala, usimpe hata shilingi. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Gharama yako ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Viza si mzigo wako. Anayekudai pesa ya ajira anakuonyesha mapema utaajiriwa na watu wa aina gani, na watu hao nawajua. Meli yangu ya pili tulitia nanga miezi minne bila mshahara. Tulikula wali na samaki tuliovua wenyewe, maji ya kunywa kwa kipimo, mpaka tulipowaandikia ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, ndipo tiketi za kurudi zikapatikana. Mshahara wote hatukuupata mpaka leo.

Ukiitaka bahari kwa dhati, pesa hiyo ipeleke Chuo cha Bahari, DMI, pale Dar. Chukua kozi za msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wa kazi. Bila vyeti hivyo hakuna meli halali itakayokupokea. Na usitazame Ghuba peke yake. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo Chongoleani, unapokwenda kununua samaki. Meli kubwa za mafuta haziegeshwi bila za kuzikokota na boti za kupokea kamba, na kazi hiyo ni ya baharia anayerudi nyumbani kula futari na mama yake. Ningekuwa na umri wako, ningejipanga kwa ajili ya hiyo.

Wakala ukikutana naye tena, muulize namba ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho, ya meli anayokupeleka. Ina tarakimu saba, na kila meli halali ya kazi hii huwa nayo. Akikupa, nitumie usiku huohuo. Nitaitafuta mwenyewe, nikuambie meli iko wapi, inapeperusha bendera gani na mabaharia wake wanalipwa au hawalipwi. Akikataa, ile pesa mrudishie mama yako kabla hujalala.