Bahasha, mzani na saa: utafiti kwa mtoto mahututi huharibikia wapi

Daktari kijana anayetaka kuanzisha utafiti katika wodi ya dharura ya watoto ameniandikia akiuliza: ni haki kweli kumfanyia mtoto aliye mahututi jaribio la tiba? Ni haki. Kisicho haki ni kuendelea kumpa tiba ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Chukua dripu. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa na dalili kwamba damu haifiki vizuri viungoni alitakiwa kupewa maji mengi kwa haraka. Utafiti wa FEAST ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, maji ya chumvi kwa kasi, au bila maji ya kasi. Matokeo yakatoka 2011. Ndani ya saa 48 walifariki 10.6% ya waliopewa albumini, 10.5% ya waliopewa maji ya chumvi, na 7.3% ya wale ambao hawakuharakishiwa dripu. Tiba tuliyoiamini ilikuwa inaua, na bado inauma kuwaza ni wangapi waliipata kabla hatujajua. (Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo usiwabebeshe matokeo hayo.)

Sasa kazi yenyewe. Anza na idadi. Ukitaka kuonyesha kwamba vifo vimeshuka kutoka 10% hadi 7%, unahitaji takriban watoto 1,350 kwa kila kundi, kwa uwezo wa kitakwimu wa 80%, yaani nafasi 80 kati ya 100 ya kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli. Kama wodi yako inapokea wachache, tafuta hospitali wenza kabla ya kuandika chochote. Watoto 200 hawatakujibu, na utakuwa umewasumbua bure.

Vigezo vya kuingia ndipo pengi huvurugika. "Damu kuchelewa kurudi kwenye kucha" si kigezo mpaka useme unabonyeza wapi, kwa sekunde ngapi, na unaanza kuhesabu lini. Mmoja akibonyeza kidole, mwingine kifua, mmeshapima vitu viwili. Mtoto aliyetoka kwenye baridi atakuwa na vidole vya baridi hata kama moyo wake hauna shida. Fundisha zamu zote, ya usiku kwanza, kisha wapime wawili wawili kwa mtoto yuleyule bila kuambiana majibu. Wakitofautiana, usifungue utafiti bado.

Mzani uwe palepale anapopokelewa. Ukikisia kilo 10 kwa mtoto wa kilo 8, mililita 20 kwa kilo zinakuwa 200 badala ya 160, yaani amepata 25 kwa kila kilo. Hapo unapima dozi usiyoijua.

Bahasha zinazoficha kundi ambalo kila mtoto atapangiwa ziwe nzito, zisizopenyeza mwanga, zenye namba mfululizo, na jina la mtoto liandikwe juu kabla ya kufunguliwa. Muuguzi mwenye huruma atatamani kuruka bahasha ili mtoto aliye hoi zaidi apate tiba anayoiamini yeye. Huruma hiyo ndiyo huharibu utafiti kimyakimya. Ukigawa kwa mafungu ya wanne wanne daima, wawili kwa kila tiba, wa nne anatabirika. Badilisha ukubwa wa mafungu na usiwaambie walio wodini.

Damu ya vipimo ihesabiwe kwa mililita. Mtoto mchanga ana kama mililita 80 kwa kila kilo, hivyo wa kilo 3 ana 240 tu. Ukichota 5 umeshachukua zaidi ya 2%, na huenda tayari ana upungufu wa damu. Jumlisha vipimo vya utafiti na vya matibabu pamoja, maana mshipa ni mmoja.

Ridhaa ndilo jambo la kuheshimu kuliko yote. Mama aliyembeba mtoto mwenye degedege hawezi kusoma kurasa sita. Omba kamati ya maadili ikuruhusu ridhaa ya hatua mbili: maelezo mafupi ya mdomo na idhini yake sasa, kisha maelezo kamili na saini mtoto akitulia. Andika pia mapema itakuwaje mtoto akifariki kabla ya saini. Usimwachie muuguzi wa zamu aamue hilo mbele ya mama anayelia.

Saa ya utafiti ianze dakika bahasha inapofunguliwa. Ukihesabu tangu kupokelewa, aliyechelewa kwenye foleni ataonekana amekufa baadaye kuliko alivyokufa. Chukua namba za simu za ndugu wawili, siyo mmoja. Mtoto akichukuliwa nyumbani saa ya 30, bado una deni la kujua kama alikuwa hai saa ya 48.