Pete Mguuni mwa Ndege: Maswali Yenu Mwezi Huu

Shikamoo mama. Nachunga mbuzi karibu na Mtito Andei. Juzi nimeokota kandege kadogo ka kahawia kamekufa chini ya mgunga, mguuni kana kipete cha bati chenye namba na neno MOSKWA. Mzee jirani ananiambia nikitupe, ni mambo ya kichawi. Mke wangu anataka kukitunga kwenye shanga zake. Nifanyeje? — Msomaji, Mtito Andei

Marahaba mwanangu. Usikitupe, na mkeo asubiri kidogo. Hakuna uchawi hapo. MOSKWA ndiyo Moscow, kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za pete za Urusi. Kuna mtu huko kaskazini alimshika ndege huyo, akamvisha pete, akaandika namba yake daftarini, akamwachia.

Nakili namba yote kama ilivyo, herufi na tarakimu, na sifuri ya mwanzo usiiache. Andika tarehe uliyomwokota, mahali (taja kijiji, mto au shule iliyo karibu, au vipimo vya ramani kama simu yako inavitoa), na hali yake: alikuwa mbichi au mifupa mitupu? Alikamatwa na paka, aligongwa na gari, au hujui? Mpige picha, bawa likiwa limekunjuliwa. Kisha wapelekee Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, idara ya ndege. Wao watawasiliana na Moscow, na majibu yakija utajua alivishwa wapi na lini. Baada ya hapo shanga ni shauri la mkeo.

Kama siku nyingine utamkuta mwenye pete akiwa hai, soma namba, piga picha, mwachie. Kumvua pete ni kumvunja mguu.

Na wala si ajabu kwamba umempata upande huo. Ng'ambo ya barabara kuu ni Tsavo Magharibi, na mle ndani, ukingoni mwa mteremko, kuna hoteli ya Ngulia. Tangu 1969 watu wamekuwa wakivisha ndege pete pale, hasa Novemba na Desemba. Nimewahi kufanya kazi pale ya kubeba mifuko ya ndege na kuandika namba. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, ndege wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia hupoteza dira na kuvutwa na taa za hoteli. Alfajiri vichaka vyote vinalia. Nyavu zikifunguliwa, hakuna anayekumbuka chai. Wamevishwa pete takribani nusu milioni tangu kazi ianze, lakini waliosikika tena mbali, Uarabuni, Urusi, Ujerumani au kusini huku Malawi, ni wachache mno. Kwa hiyo barua yako ina uzito kuliko unavyodhani.

Ndege mmoja wa pale ananifurahisha kuliko wote: kidege cha mabwawani (Waingereza humwita Marsh Warbler) cha rangi ya udongo, gramu kumi na kitu, wala hutamgeukia akipita. Huondoka Ulaya mwezi wa nane, lakini Tsavo hafiki mpaka wa kumi na moja. Katikati hukaa Sudan na Ethiopia wiki nyingi, kisha mvua zinapotangulia naye anafuata. Dume lake halina wimbo wa kwake, huiga sauti za ndege wengine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza Ubelgiji akatambua sauti za ndege zaidi ya 100 wa Afrika. Yaani anaimba Kiafrika kwenye vichaka vya Wabelgiji!

Ninafundisha darasa la sita. Wanafunzi wanauliza ndege wadogo wa msituni kwetu huishi miaka mingapi, na kama nao huhama. Vitabu vyetu vinataja mbayuwayu tu. — Mwalimu, Lushoto

Mwalimu, swali hili lingeweza kula ukurasa wangu wote, na limekaribia kuula.

Waambie wanafunzi kwamba pete haisemi umri wa ndege. Inasema tu kwamba siku ile alikuwepo. Mdenmark Hans Christian Mortensen, aliyeanza kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba kule Viborg mwaka 1899, alikuwa ni mwalimu kama wewe, na jambo alilolianzisha linategemea kitu kimoja: ndege ashikwe mara ya pili. Ukimshika leo akiwa mkubwa, na ukamshika tena baada ya miaka sita, unachojua ni kwamba ana zaidi ya miaka sita. Usipomshika, hujui kama amekufa, amehama, au ameshajua wavu ulipo na anaupitia juu. Ndiyo maana nyavu hurudishwa palepale, msimu kwa msimu, na hesabu hufanywa kwa ndege wengi.

Nyumbani kwangu Taita tulikuwa na kurumbiza mwenye nyota. Ukimtoa kwenye mfuko wa kitambaa unamlaza chali kiganjani, shingo yake katikati ya vidole viwili. Kichwa cha buluu ya kijivu, tumbo njano kali, na mbele ya kila jicho doa jeupe dogo. Doa jingine limejificha kooni, hulionyesha akikasirika, na mkononi mwako hukasirika kweli. Kinda lake ni madoadoa matupu, na baadaye huvaa kijani kabla ya kupata nguo za utu uzima. Kwa hiyo mwaka wa kwanza umri wake unausoma kwenye manyoya. Ukipuliza tumbo ukaona ngozi tupu yenye joto, huyo analalia mayai: unamwachia upesi.

Ndege hawa hutaga mayai mawili matatu, wakalea makinda kwa muda mrefu. Wenzao wadogo wa Ulaya wengine hutaga manane, kumi, na wengi hufa kabla ya mwaka kuisha. Kule Uingereza yule mwenye kifua chekundu kwa kawaida huishi miaka miwili, ingawa pete zimeonyesha mmoja aliyepita minane. Wa misitu yetu huenda polepole: akishavuka utoto, ana nafasi nzuri ya kuonekana mwaka baada ya mwaka kwenye wavu uleule.

Kuhama? Wengi hawahami, na hapo ndipo penye uchungu. Misitu ya Taita imebaki vipande: Chawia haifiki hata hekta 100, na Mbololo imetengwa na Ngangao kwa bonde la Paranga, lenye joto na mashamba. Watafiti Luc Lens, Mwangi Githiru na wenzao walichapisha mwaka 2002, kutokana na ndege waliovishwa pete huko, kwamba wanaodumu kwenye vipande vidogo ni wale wanaoweza kuvuka kutoka kipande hadi kipande na kustahimili msitu ulioharibika. Asiyethubutu kuvuka shamba la mahindi amefungwa. Na hapo kwenu Usambara, mtafiti William Newmark alianza kazi kama hiyo mwaka 1987. Wapeleke watoto ukingoni mwa msitu, muulizane nani anavuka barabara na nani hageuki hata kutazama.

Hizo nyavu za kushikia ndege haziwaumizi? — Msomaji, Kilifi

Zinaweza. Wavu ni wa uzi mwembamba wenye mikunjo kama mifuko, ndege akigonga anadondokea ndani. Ukichelewa kuuzungukia, au mvua ikinyesha, au jua likawa kali, wengine watakufa. Kwa hiyo hukaguliwa kila nusu saa au chini ya hapo, na mvua ikianza hufungwa. Anayefungua nyavu nyingi kuliko mikono iliyopo simtaki karibu yangu, awe profesa awe nani.

Mama, nasoma kidato cha tatu. Nawezaje kuifanya kazi hii ya kuvisha ndege pete? — Msomaji, Nairobi

Pete hazinunuliwi dukani. Unahitaji mwalimu mwenye kibali, na miezi mingi ya kutoa ndege wavuni akikusimamia. Kabla ya hapo jifunze kuwatambua. Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wana matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, wakianzia Makumbusho. Subiri likizo, azima darubini, na uwahi.