Yale "Mawe" ya Kijani Hayakutoka Kwenye Nyongo

Swali: Daktari, ultrasaundi ilionyesha nina mawe matatu kwenye kifuko cha nyongo, kubwa zaidi likiwa la milimita 12. Usiku nilikunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, na asubuhi nikatoa chooni mawe ya kijani yapatayo 40. Tangu juzi mkojo wangu una rangi ya chai iliyokolea. Je, uchafu ndio unatoka?

Jibu: Hapana, na nakuomba uende hospitali leo. Mkojo wa namna hiyo waweza kuonyesha kwamba nyongo imezuiliwa kushuka utumboni, hivyo inarudi kwenye damu na kutolewa na figo. Tazama mchana karibu na dirisha kama weupe wa macho yako umegeuka manjano, na uangalie kama choo kimepauka.

Ulichokitoa ni sabuni. Mafuta yanapomeng'enywa, asidi zake huungana na potasiamu ya limau na kufanya madonge laini. Madonge ya aina hiyo yalipochunguzwa, na matokeo kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005, hayakuwa na kolesteroli, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) wala kalsiamu, na yaliyeyuka kwa joto la nyuzi 40 tu. Jiwe halisi ni gumu, mara nyingi limechongeka pande kwa kusuguana na wenzake, na ukilipasua utaona tabaka ndani. Isitoshe, mrija mkuu wa nyongo kwa kawaida una upana wa milimita 6 hivi: la milimita 12 lilipenyaje, na matatu yalizaaje 40?

Kinachonikera ni kwamba wanaouza "dawa ya kusafisha ini" huonyesha madonge hayo kama ushahidi, ilhali mafuta mengi kwa mkupuo hukifanya kifuko kijikamue kwa nguvu, na jiwe dogo likisukumwa hadi kwenye mrija huweza kuuziba au kuchochea uvimbe hatari wa kongosho. Mgonjwa huyo huja kwetu, harudi kwao. Mawe yasiyo na dalili kwa kawaida huachwa yalivyo. Yanayouma dawa yake ni kuondoa kifuko chenyewe, kwani hata vidonge vya kuyeyusha hufaa mawe madogo ya kolesteroli tu, kwa miezi mingi, na mara nyingi mawe hurudi.

Wala maumivu kupoa si uthibitisho wa kupona, maana jiwe laweza kurudi nyuma likasubiri mlo mwingine. Yeyote mwenye macho ya manjano akishikwa na homa na kutetemeka, apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa kuwa maambukizi ndani ya mrija ulioziba huhitaji antibiotiki na kuzibuliwa kwa endoskopia, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni.