Mama wa watu kachoka kukaa benchi

Wiki hii mmeuliza: "Kwenye mchezo wa kujifurahisha, kuna haja gani ya kuhesabu pointi?" Nilitaka kuwajibu kwa neno moja, hakuna, kisha niendelee na shughuli zangu. Nimeshindwa, kwa sababu swali hili limenigusa mahali nilipodhani pamepona.

Mimi hucheza badminton, au mpira wa vinyoya, kila Jumamosi jioni na kundi la watu wasiofanana kwa lolote. Wapo waliofundishwa tangu utotoni, na tupo sisi tulioshika raketi ukubwani baada ya daktari kutusema kuhusu uzito. Hatuna kocha wala jezi. Ukifika unalaza raketi yako kwenye benchi nyuma ya raketi za waliotangulia, na zile nne za mbele ndizo zinazoingia uwanjani. Pambano likiisha, walioshinda wanabaki na walioshindwa wanakwenda kulaza raketi zao mkiani. Mliowahi kucheza kwenye kundi la namna hii mnaujua utaratibu huo, na mnajua pia ni akina nani wanaoujua ubao wa benchi kuliko uwanja.

Ndiyo maana nilikuwa upande wa wasiotaka hesabu. Watu wazima wenye heshima zao wanabishana kama kinyoya kimegusa mstari au hakikugusa (kikigusa ni ndani, jamani, hilo halina mjadala). Mzee wetu mmoja mpaka leo anausikitikia utaratibu wa kabla ya 2006, wakati pointi ilikuwa ya upande ulioanzisha kukipiga kinyoya tu. Yote hayo kwa ajili ya mchezo usio na kombe!

Lakini ngoja niwasimulie jioni moja.

Nilikuwa nimefungwa Jumamosi sita mfululizo. Siku hiyo mwenzangu alikuwa dada mmoja mpole anayecheza vizuri nyuma lakini hapendi kusogea kwenye wavu. Upande wa pili alikuwapo kijana wetu mshoto na rafiki yake. Huyo mshoto akipigilia kinyoya, unasikia mlio kwanza ndipo unakumbuka kuinua raketi. Nilitarajia tumalize haraka nikanywe maji.

Haikuwa hivyo. Tulikwenda 8–8, tukaenda 13–11, wao wakatupita, tukawafikia. Walioketi benchi wakaacha mazungumzo yao. Nilikuwa nafika kwenye vinyoya ambavyo siku zote huviangalia tu vikianguka. Niliruka! Mimi, na goti hili. Tukafika 19–19, mimi ndiye nikianzisha. Kinyoya kikaenda na kurudi mara nyingi, kisha mwenzangu akakiinua vibaya, kifupi, katikati ya uwanja wao, juu ya kichwa cha mshoto kabisa. Nikafumba macho nusu. Yeye akakigusa tu, taratibu, kikaingia kwenye wavu.

20–19. Nikahamia kisanduku cha kulia, kwa sababu pointi zikiwa shufwa unaanzishia kulia. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nikaanzisha vibaya, juu mno, kile kinyoya ambacho hata mtoto angekuadhibu nacho. Mshoto akakipiga, kikapita juu yetu sote, kikaangukia nje ya mstari wa nyuma, mbali, karibu na mikoba yetu. 21–19. Nilipiga kelele ambayo sijui niliitoa wapi. Nikamkumbatia yule dada hadi akaomba nimwachie apumue.

Sasa tulitakiwa kubaki uwanjani, maana tumeshinda. Nikaomba dakika moja nifunge kamba ya kiatu. Nikiwa nimeinama hivyo nyuma ya nguzo ya wavu, nikamsikia rafiki wa mshoto akimuuliza mwenzake: "Wewe, umemwachia?" Naye, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu aliyebebea mwenzake mzigo: "Ah, mama wa watu kachoka kukaa benchi."

Sikumaliza kufunga kamba. Nilivua viatu vyote viwili, nikasema goti linauma, nikaondoka. Jumamosi mbili zilizofuata sikuonekana.

Huko nyumbani nilikumbuka Olimpiki ya London mwaka 2012. Wachezaji wanane wa badminton, jozi nne za wanawake, walifukuzwa mashindanoni kwa kufanya makusudi wafungwe, ili wapangiwe wapinzani nafuu mbele. Wakipiga kwenye wavu, wakipiga nje, huku watazamaji wakizomea. Wale walifukuzwa. Wa kwangu, nina hakika, alipongezwa kwa utu wake. Na kusema kweli alikuwa na utu, hapo ndipo ninapokwama.

Niliporudi nilipendekeza tusihesabu kabisa, kisingizio kikiwa kupunguza ubishi. Tulijaribu jioni moja tu. Badminton ya wawili wawili bila hesabu haichezeki: pointi ndizo zinazokuambia nani aanzishe na aanzishie upande gani. Tulikuwa tunagongana, wawili wamesimama kisanduku kimoja. Wala hakuna aliyejua lini atoke, na wale wasio na haya walicheza mpaka jasho likawakauka mwilini. Mimi niliyependekeza nilikaa benchi kuliko siku zote.

Basi nikamfuata yule kijana pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, siku nyingine nifunge." Akainamisha kichwa: "Nisamehe, mama." Tulipokutana uwanjani alinifunga 21–7. Zile saba naweza kukusimulia moja baada ya nyingine, pamoja na mahali kila kinyoya kilipoangukia.

Kwa hiyo, mhariri, naona nimekuja na "hakuna haja" na sasa naandika "hesabuni". Lakini msinielewe vibaya. Kinachotakiwa kuondoka ni hii kanuni ya mshindi kubaki. Kijana yule asingeniachia kama kufungwa kusingenirudisha benchi. Pambano likiisha, wote wanne watoke, waingie wanne wengine. Watu wakiwa wengi na uwanja ni mmoja, chezeni hadi 11 badala ya 21, foleni itasogea. Mgeni wa wiki ya kwanza asihesabiwe chochote, aachwe kwanza akipate kinyoya kwenye raketi, maana mwanzoni hata hilo ni kazi. Kundi langu bado sijaliambia haya. Nimeanza kwenu kwa sababu ninyi hamwezi kunikatiza.

Halafu kuna jambo jingine, na pengine linaharibu jibu langu lote. Jumamosi iliyopita mmoja wetu alikuja na binti yake, miaka tisa au kumi, raketi kubwa kuliko mkono. Tulipewa uwanja dakika chache wakati wengine wanakunywa maji. Tulikuwa 10–10, na kinyoya kilikuja juu, chepesi, mbele yangu kabisa. Nilikipiga kwenye wavu.

Yule mtoto hakushangilia. Alinitazama tu, kisha akaenda kukiokota.