Kila hadithi inanifia ukurasa wa 20

SWALI: Ndugu mhariri, kwa miaka miwili nimeanza riwaya tatu. Kila moja ilinijia kwa kishindo nikaiandika usiku kucha, lakini nikikaribia ukurasa wa 20 inanifia mkononi. Nimelipia kozi ya mtandaoni ya “kuamsha ilhamu”. Tunaambiwa tutulie, tusilazimishe, wazo litarudi lenyewe. Halijarudi. Je, niendelee kungoja, au mimi si mwandishi? Wenzangu waliofanikiwa wanaipata wapi ilhamu isiyokatika?

JIBU: Acha kungoja. Hadithi tatu kufia mahali pamoja si mkosi wala dalili ya kukosa kipaji. Ni kasoro moja iliyojirudia mara tatu, na inarekebishika. Picha nzuri inaweza kujibeba yenyewe kwa kurasa kumi, ishirini ukiwa na kalamu nyepesi. Baada ya hapo msomaji anataka mtu anayetaka kitu, na mwingine anayeumia endapo atakipata. Ulichokuwa nacho ni picha, kisa hakijaanza.

Chukua rasimu ya tatu ujaze sentensi hii: fulani anataka nini, kabla ya lini, na nani atapoteza akifanikiwa? Ukikwama kwenye kipande cha mwisho, umeuona ugonjwa.

Tuseme umejiwa na picha ya mzee anayerudisha kiti cha kuazima usiku, mguu mmoja umefungwa waya. Inavutia. Utaandika giza, mbwa wanaobweka, ncha ya waya inayokwaruza sakafu ya baraza, kisha wino utakauka. Sasa uliza: kwa nini usiku? Labda kiti kilivunjika kwake siku ya msiba, kikiwa kimekaliwa na mtu ambaye hakutakiwa kuonekana pale. Mwenye kiti ni kaka wa mtu huyo na hawasemezani. Mzee akieleza kilivyovunjika, atamtaja mgeni wake. Akinyamaza, atadaiwa kiti asichoweza kukilipa. Anataka kukiacha barazani na kuondoka kabla hakujapambazuka. Ile ncha ya waya sasa si pambo tena, kwa sababu ndani kuna mtu ameisikia. Hakuna lililoshuka kwa ilhamu hapo. Ni majibu ya maswali makavu mawili matatu, na ukiyauliza mezani kalamu ikiwa mkononi, hujibiwa haraka kuliko ukiyauliza kitandani.

Umeuliza wenzako wanaipata wapi. Chanzo chenyewe huwa kidogo kuliko watu wanavyodhani, na mwandishi mzoefu hukilinda kibaki kidogo. Mwaka 1893 Henry James, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Marekani, akiwa mezani kwa chakula, alisikia habari ya mama aliyekosana na mwanawe wa pekee kwa sababu ya samani za nyumba ambayo kijana alikuwa amerithi. Maneno machache tu. Msimulizi alipoendelea na mambo yalivyokuwa kweli, James aliona anaharibiwa kazi. Kwake mbegu ilikuwa imeshatosha, na riwaya iliyotokana nayo ilitoka kama kitabu mwaka 1897. Kwa hiyo ukisikia jambo, liandike daftarini kwa mistari mitatu: lililosemwa kwa maneno yaleyale, msemaji alichokuwa anakitaka, na alichokwepa kusema. Ukijaza kurasa mbili za ufafanuzi jioni hiyohiyo, utakuwa umeimaliza hamu yote.

Hasira nayo ni chimbuko kubwa, hasa ya mtu aliyeona dhuluma. Kasoro yake inajulikana: dhalimu wa hadithi anageuka mpumbavu na kila mazungumzo yanakuwa hotuba. Mpe dhalimu wako hoja ambayo wewe mwenyewe huna jibu lake, kisha uone kama hadithi bado inasimama.

Ila chimbuko la wengi, hata wasiokiri, ni kusoma. Mtu amesoma kitabu, kikamkera au kikamtia wivu, akataka kukijibu. Kwa hiyo mwanafunzi wa uandishi anayesoma dondoo za uandishi tu hunishangaza. Nakili kwa mkono ukurasa mmoja wa riwaya unayoipenda, halafu weka alama kila mahali ambapo mwandishi amekunyima habari uliyoitaka. Saa moja ya zoezi hilo ina faida kuliko kozi uliyoilipia.

Na kuhusu kozi hiyo: “usilazimishe” ni biashara nzuri, kwa sababu mteja anayengoja hulipia mwezi ujao pia. Upande wa pili wako wauza nidhamu, wanaopenda kumtaja Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya Mwingereza wa karne ya 19, aliyeweka saa mbele yake na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Wanachokiacha ni kwamba kati ya saa zake tatu za asubuhi, nusu saa ya kwanza alisoma aliyoyaandika jana. Nusu saa hiyo ndiyo dawa ya rasimu zinazokatika. Sikio linarudi kwenye sauti ya hadithi, na jicho linaona fundo gani liliachwa halijafunguliwa. Anayekimbilia hesabu ya maneno bila kusoma ya jana anaandika mianzo mingi ya hadithi moja. Miswada ya namna hiyo ni mingi, na huwezi kuihariri; unaweza tu kuirudisha.

Kuna pia programu zinazobuni visa kwa kubonyeza kitufe na orodha za “visa 100 vya kuandikia”. Kisa utapewa. Sababu ya wewe, na si jirani yako, kukiandika hutapewa, na bila sababu hiyo ukurasa wa 20 utakungoja palepale.

Kabla hujalipa tena, mwombe mkufunzi akuonyeshe ukurasa mmoja wa mwanafunzi, kabla hajauhariri na baada yake, majina yakiwa yamefutwa. Mhariri wa kweli anao kwa mamia na atafurahi kuueleza mstari kwa mstari. Akikuonyesha badala yake shuhuda za watu waliolia darasani, dai fedha zako.